Miaka Thelathini Haitoshi Kuifanya Saa Iwe Vinteji

Nimeambiwa tena, na safari hii na mtu aliyekwisha kulipa pesa zake: "Fundi, saa ina miaka 31, basi ni vinteji." Hapana. Vinteji ni saa ya zamani inayosakwa na wakusanyaji kwa sifa za enzi yake. Umri peke yake hauamui, na hata huo umri wenyewe hauna sheria. Antiki ndiyo yenye mpaka unaojulikana; forodha ya Marekani, kwa mfano, huhesabu kitu kuwa antiki kikishapita miaka 100. Vinteji haina mpaka wa namna hiyo. Muuzaji mmoja atakwambia miaka 20, mwingine 25, mwingine 30, na mara nyingi namba hulingana na saa aliyonayo kabatini. Mimi nikiulizwa kwa haraka hujibu 30, na sina hoja ya kuitetea zaidi ya mazoea ya biashara.

Chukua Rolex Submariner mbili zilizouzwa mwaka 1985. Ya kwanza ni 5513: haina tarehe, kioo chake ni cha plastiki, na modeli yenyewe ilianza kutengenezwa 1962. Ya pili ni 16800: tarehe unaisogeza kwa kuvuta kitufe cha pembeni bila kuzungusha akrabu mzunguko mzima, kioo ni cha safaya, na imepimwa kuhimili mita 300 majini wakati mwenzake ni 200. Umri wao ni mmoja. Ile ya kwanza hakuna mkusanyaji atakayebisha kwamba ni vinteji. Ya pili inabishaniwa mpaka leo, hadi watu wakabuni kundi la katikati wanaloliita neo-vinteji. Kama lingekuwa suala la miaka tu, ubishi huo ungetoka wapi?

Kinachozitenganisha ni enzi ya utengenezaji. Seiko ilitoa Astron, saa yake ya kwanza ya mkono ya kwazi, yaani ya betri badala ya springi, tarehe 25 Desemba 1969, na katika miaka iliyofuata ushindani wa saa za namna hiyo ulivifunga viwanda vingi vya Uswisi. Vilivyonusurika vilibadili namna ya kutengeneza na hata mteja waliyemlenga. Saa ya mzamiaji iliyokuwa chombo cha kazi ikageuka kuwa pambo la mwenye nazo, ikapewa kioo kisichochubuka na umaliziaji wa kung'aa zaidi. Ndiyo maana kioo cha plastiki, rangi ya tritiamu inayowaka gizani na uso usio na mng'ao huhesabiwa kuwa dalili. Dalili tu, lakini. Omega Speedmaster bado inauzwa mpya leo ikiwa na kioo cha plastiki na mashine ya kutia ufunguo kwa mkono, na hakuna anayeiita vinteji ikitoka dukani.

Sasa nije kwenye linalonikera.

Mtu ana Rolex GMT-Master 1675 ya marehemu baba yake, modeli iliyotengenezwa kuanzia 1959 hadi 1980. Anaipeleka kituo cha huduma ughaibuni, nacho sitakitaja. Inarudi inametameta: uso mpya, akrabu mpya, pete ya nje mpya yenye bluu na nyekundu kali, bodi imepigwa polishi. Kila kipuri kimetoka kiwandani, hakuna feki hata kimoja. Ananiletea kwa furaha, anataka nimwambie imepanda bei kiasi gani. Imeshuka, tena sana. Uso uliochoka, akrabu zilizofifia na ile pete iliyopauka kwa jua la miaka arobaini ndivyo vitu ambavyo mnunuzi wa vinteji hulipia, na vyote vimebaki huko kituoni. Kipuri kuwa halisi hakumaanishi kwamba saa ilizaliwa nacho. Hili nimelieleza mpaka sauti imekauka, na bado kila mwezi inaletwa saa nyingine iliyofanyiwa hisani ya namna hii.

Ukidhani natia chumvi, tazama uso unavyobeba bei. Rolex Daytona aliyovaa mwigizaji Paul Newman iliuzwa New York Oktoba 2017 kwa zaidi ya dola milioni 17. Jina la mwenyewe lilichangia sana, sibishi. Lakini Daytona nyingine za miaka ile zenye uso wa mapambo kama wa ile ya Newman, ambazo hazikuvaliwa na mtu yeyote maarufu, huuzwa kwa mara kadhaa ya bei ya wenzake wenye uso wa kawaida, na mashine ndani ni ileile. Enzi zake nyuso hizo zilidoda madukani.

Nikuonyeshe ninavyokagua. Zima taa, chukua ile tochi ya kukagulia noti bandia, mulika uso wa saa kwa sekunde chache kisha zima. Tuseme saa ni ya 1975. Chini ya namba 6, pembeni ya neno SWISS, utakuta herufi T: hiyo ni tritiamu. Tritiamu hupungua nusu kila baada ya miaka 12 na kidogo, kwa hiyo ya 1975 imebaki kama sehemu moja ya kumi na sita. Vitone vya rangi hiyo usoni huenda vikaitika tochi ikiwa juu yake, kisha vinazimika ukiiondoa. Akrabu zikiendelea kuwaka kijani dakika nzima gizani, zimepakwa Luminova, rangi iliyoingia kwenye saa za Uswisi mwishoni mwa miaka ya 1990. Uso wa 1975, akrabu za robo karne baadaye. Mwenye saa hakujua, na aliyemuuzia hakumwambia.

Saa za kabla ya miaka ya 1960 ni habari nyingine. Nyingi zimepakwa radiamu, ambayo huchukua kama miaka 1,600 kupungua nusu. Haiwaki tena kwa sababu unga uliokuwa ukitoa mwanga umechoka, lakini mionzi iko palepale. Usiifungue nyumbani, usikwangue, usipulize vumbi lake.

Vitabu husema rangi ya akrabu na ya vitone vya uso lazima zifanane, la sivyo saa imechezewa. Mezani kwangu haiendi sawasawa hivyo. Akrabu na uso havikupakwa mahali pamoja wala lazima kwa mchanganyiko mmoja, na saa iliyoishi Pwani imekula unyevu na chumvi kwa namna ambayo saa ya sandukuni Geneva haikuijua. Zipo saa ambazo sina shaka nazo kabisa, zenye akrabu za rangi ya asali na vitone vya krimu. Rangi zikitofautiana nauliza maswali zaidi, sitoi hukumu.

Na kuna jambo ambalo sijawahi kupata jibu lake linaloniridhisha. Uso mweusi uliogeuka kahawia ni rangi iliyoshindwa na jua. Kiwandani wangeuita kasoro. Soko linauita uzuri na kuulipia. Uso wa jirani yake wenye madoa ya unyevu nao umeshindwa na mazingira yaleyale, lakini huo ni uchakavu na bei inashuka. Napenda sana nyuso za kahawia, na bado siwezi kusema tofauti hiyo imesimama juu ya kitu gani isipokuwa wengi wameridhika nayo. Yeyote anayekwambia vinteji ina kanuni zisizo na utata anakuficha hili.

Mapenzi hayo yana gharama. Novemba 2021 Omega Speedmaster 2915-1 yenye uso wa kahawia iliuzwa kwenye mnada wa Phillips, Geneva, kwa zaidi ya faranga milioni 3 za Uswisi, na mnunuzi alikuwa Omega wenyewe, kwa ajili ya makumbusho yao. Mwaka 2023 kampuni ikatangaza kwamba saa ile iliungwa kwa vipuri vya hapa na pale, vingi vikiwa halisi, na kwamba watu waliowahi kuwa wafanyakazi wake walihusika. Soma tena hapo penye "vingi vikiwa halisi". Kampuni yenye jina lake kwenye saa hiyo ndiyo iliyodanganyika.

Kwetu mjadala huu huja na sura ya Oman. Baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka Julai 1970, familia nyingi zenye asili ya Zanzibar zilikwenda au kurudi Muscat kufanya kazi serikalini. Katika miaka hiyo ziliagizwa, kupitia duka la Asprey la London, Rolex zenye nembo ya hanjari, lile jambia la Oman, usoni, zikatolewa kama zawadi. Hivyo nikisikia "shikamoo fundi, hii alipewa babu Oman," sicheki wala sikatai. Inawezekana kabisa. Lakini kijana wangu, kisa cha babu si ushahidi. Nitaitazama hanjari kwa lenzi: kingo za wino zimekaa safi, au zimepanda juu ya maandishi yaliyokuwepo kabla? Nitaomba picha ya babu akiwa ameivaa, na karatasi yoyote iliyobaki. Uso wa hanjari ukibadilishwa wakati wa matengenezo, kilichobaki mkononi ni Rolex ya kawaida na hadithi nzuri, kwa hiyo mwenye saa kama hiyo ana sababu kubwa kuliko wote ya kuukataa uso mpya.

Yaliyobaki nayapitia upesi. Polishi, acha: pembe zinazoshika mkanda zilitoka kiwandani na ukingo mkali, na chuma kilichokwanguliwa hakirudi. Mashine isafishwe na kutiwa mafuta, springi iliyochoka na mipira ya kuzuia maji ibadilishwe bila hofu. Hivyo ni vitu vya kuisha na hakuna mnunuzi makini anayepunguza bei kwa ajili yake. Usiogelee nayo, hata kama uso umeandikwa mita 200. Hizo zilikuwa mita za saa mpya.

Na kabla fundi yeyote hajaifungua, mimi nikiwemo, andikisha kwenye risiti: uso usiguswe, akrabu zisibadilishwe, bodi isipigwe polishi, na kila kipuri kitakachotolewa kirudishwe kwenye mfuko pamoja na saa. Kama ni Rolex ya miaka ile, toa mkanda upige picha namba zilizochongwa katikati ya pembe, juu na chini, uondoke na picha hizo. Akikataa kurudisha vipuri vya zamani, chukua saa yako utafute fundi mwingine.