Shukrani ya Mlo Haipimwi kwa Sahani Tupu

Katika kazi yetu ya kutoa ushauri wa lishe kwa familia, swali ambalo wazazi hutuuliza mara kwa mara ni namna ya kumfanya mtoto amalize chakula alichopakuliwa. Nyuma ya swali hilo kuna nia njema: mmoja ametoka jasho kukipata chakula hicho, mwingine amesimama jikoni kukipika, na sahani inayorudi ikiwa nusu inaonekana kama utovu wa shukrani. Hisia hiyo tunaielewa na tunaiheshimu. Hata hivyo, ushauri wetu ni kwamba shukrani ya mlo ipimwe kwa jinsi watu walivyokiangalia na kukionja chakula chao, wala isipimwe kwa usafi wa sahani, na tungependa kueleza sababu zake.

Tuanze na mwili wenyewe. Tumbo likiwa tupu hutoa homoni iitwayo ghrelini, ambayo huuamsha ubongo utake chakula. Mtu akianza kula, kuta za tumbo hutanuka na neva hupeleka habari hiyo kwenye ubongo. Chakula kikishafika kwenye utumbo mwembamba, homoni nyingine, mojawapo ikiwa kolesistokinini, huongeza taarifa kwamba kilicholiwa kinatosha. Mawasiliano hayo hayakamiliki papo hapo, bali kwa kawaida huchukua takriban dakika 20 tangu tonge la kwanza hadi mtu kuihisi shibe sawasawa. Anayemaliza sahani kwa dakika 6, macho yakiwa kwenye simu, huwa ameshapakua mara ya pili kabla mwili haujapata nafasi ya kumwambia kwamba inatosha.

Wakati haufanyi kazi peke yake. Kumbukumbu nayo ina sehemu yake katika shibe. Mwaka 2013 jarida la American Journal of Clinical Nutrition lilichapisha mapitio ya majaribio kadhaa yaliyoonyesha kwamba watu wanaokula huku mawazo yao yakivutwa na jambo jingine, kwa mfano runinga, hula zaidi katika mlo huo, na tena hula zaidi katika mlo unaofuata. Kinyume chake, waliokumbushwa mlo wao uliotangulia walipunguza kiasi walichokula baadaye. Kwa maneno mengine, mlo ulioliwa bila kuangaliwa hauandikiki vizuri akilini, na kwa sababu hiyo haushibishi kama ulivyopaswa. Hapa ndipo tunapoona kwamba kula kwa utulivu na kushukuru ni jambo moja, kwa kuwa mtu hawezi kukishukuru kwa dhati kitu ambacho hakumbuki kama alikionja.

Zoezi linalojulikana zaidi la kula kwa utulivu linahusu zabibu kavu moja tu. Jon Kabat-Zinn, aliyeanzisha mwaka 1979 mpango wa kupunguza msongo wa mawazo katika Chuo Kikuu cha Massachusetts nchini Marekani, aliwaomba washiriki waishike zabibu hiyo, waitazame mikunjo yake kwenye mwanga, wainuse, waiweke ulimini bila kuitafuna, kisha waing’ate taratibu na kufuatilia utamu wake unavyosambaa mdomoni. Zoezi hilo linaweza kuchukua dakika kadhaa, na wengi wakilifanya hugundua kwamba wamekuwa wakitia mdomoni zabibu kiganja kizima bila kuonja hata moja. Hatuwashauri wazazi wale hivyo siku nzima, maana watoto hawatavumilia na shule haisubiri. Tonge la kwanza linatosha. Familia nzima ikikubaliana kwamba tonge la kwanza litatafunwa kimya, bila simu na bila runinga, na kwamba kila mmoja ataeleza kitu kimoja alichokihisi mdomoni, mlo huanza kwa mwendo mwingine, na mara nyingi mwendo huo hudumu hadi mwisho.

Shukrani nayo ina namna yake ya kufanyiwa mazoezi. Robert Emmons na Michael McCullough, wanasaikolojia wa Marekani, walichapisha mwaka 2003 utafiti ambamo kundi moja la washiriki liliandika kila wiki, kwa wiki 10, mambo yasiyozidi matano ya kushukuru, huku kundi jingine likiandika kero. Walioandika ya kushukuru waliyaona maisha yao kwa wema zaidi na walikuwa na matumaini zaidi kuhusu wiki iliyokuwa mbele yao. Kwa uzoefu wetu, linalofanya kazi mezani ni shukrani inayotaja kitu mahususi. Neno “asante” linalotamkwa mtu akiwa ameshainuka ni adabu njema na lisiachwe. Lakini mtoto wa miaka 6 anayemwambia baba yake, “Leo mboga hazikuiva sana, zinalia nikitafuna,” ameshukuru kwa undani zaidi, kwa sababu ameiona kazi iliyofanywa na aliyeifanya. Mpishi aliyesikia neno kama hilo halisahau.

Tunawasihi wazazi waiache kabisa kauli ya kumwambia mtoto kwamba wapo watoto wengine wasio na chakula, hivyo amalize chake. Kauli hiyo humfundisha mtoto aibu, na pia humfundisha kuipuuza sauti ya tumbo lake. Watoto wachanga huzaliwa wakiijua shibe: hugeuza uso, hufumba mdomo, husukuma kijiko. Shirika la Afya Duniani linahimiza mlishaji azisome ishara hizo na kuziitikia, bila kumlazimisha mtoto. Kwa watoto wakubwa kidogo, mtaalamu wa lishe Ellyn Satter alipendekeza mgawanyo wa majukumu ambao tumeuona ukituliza nyumba nyingi: mzazi huamua ni chakula gani kitaliwa, saa ngapi na wapi, mtoto huamua ale kiasi gani, au hata asile. Chakula kigeni kwake kinaweza kuhitaji kuletwa mara 8 hadi 15 kabla hajakikubali, kwa hiyo kukataliwa leo si jambo la kugombania.

Yapo mazingira ambamo ushauri huu una mipaka. Mtoto anayepungua uzito au asiyekua ipasavyo apelekwe kwa mhudumu wa afya bila kungoja, na anayetumia dawa za kisukari afuate ratiba ya kula aliyopewa hata kama hahisi njaa. Vilevile, familia ambayo chakula hakiitoshi inahitaji chakula. Kuihubiria shukrani kabla ya hapo ni kuiongezea uchungu.

Linabaki suala la kile kilichosalia kwenye sahani, na hofu ya wazazi kuhusu upotevu ni ya haki. Kwa makadirio ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, mwaka 2022 tani bilioni 1.05 za chakula zilitupwa duniani, na asilimia 60 ya kiasi hicho ilitoka majumbani. Dawa yake ni kupakua kidogo kwanza na kuacha nafasi ya kuongeza, ili sehemu kubwa ya chakula ibaki ndani ya chungu bila kuguswa. Hata mtoto mdogo anaweza kujipakulia mwenyewe kwa kijiko kidogo, akaulizwa kwa upole, kabla ya kuongeza, kama tumbo bado linaomba. Kilichobaki chunguni kisikae nje zaidi ya saa 2. Kiwekwe kwenye jokofu lenye baridi isiyozidi nyuzi 5 za Selsiasi, na kabla ya kuliwa kipashwe moto hadi kitoe mvuke kote, si pembeni tu. Mtoto aliyeacha chakula jana usiku akishirikishwa kukifunika na kukihifadhi, kesho yake atakikuta, na huenda akakila kwa hamu ambayo jana hakuwa nayo.