Mtoto analia sana na kushtuka ovyo: ni mchango, au ni vitu mama alivyotumia akiwa mjamzito?

Swali: Mdogo wangu huku Urambo alikuwa anavuta sigara na kunywa gongo mpaka mimba ya miezi saba. Mtoto ana wiki mbili, analia kwa sauti kali, mlango ukigonga tu anarusha mikono. Bibi anasema ni mchango. Kweli?

Jibu: Inawezekana, maana watoto wa umri huo wanalia jamani, ila kilio kikali hivyo mpelekeni kwanza akaonwe, isije ikawa maambukizi. Nikotini na pombe vinapita kwenye kondo mpaka kwa mtoto, ubongo unajengeka humohumo, ndo maana wengine wanazaliwa na uzito mdogo, misuli imekaza, kelele kidogo tu washashtuka na kuwanyamazisha ni shughuli. Watu wanasema katoto kajeuri, sasa wiki mbili ujeuri kaupatia wapi? Hajaweza kujituliza mwenyewe, basi.

Swali: Tunamtulizaje?

Jibu: Zimeni redio, punguzeni mwanga, mfungeni khanga mikono ikae kifuani ila miguu iwe na nafasi, au mama amlaze kifuani ngozi kwa ngozi. Na fanya kitu kimoja kimoja, ukimpembeza usiimbe huku unamkodolea macho, akigeuza uso au kupiga miayo ujue kachoka, muache. Wageni waliokuja kumuona mtoto wasimpokezane, watanuna halafu itaisha. Sigara nje kabisa.

Swali: Na mama aliyekuwa anatumia unga (heroini) au vidonge vya maumivu vya tramadoli?

Jibu: Huyo mtoto anapata arosto kama mtu mzima, yaani mwili unadai kile ulichokizoea, mara nyingi ndani ya siku tatu za mwanzo, wengine mpaka wiki. Anatetemeka, jasho, chafya mfululizo, anaharisha, ananyonya kwa pupa halafu anashindwa, wengine mpaka degedege. Hiyo ni ya wodini, msikae naye nyumbani. Wengine wanatulia kwa kubebwa na kunyonyeshwa, wengine wanapewa dawa inayopunguzwa taratibu.

Swali: Nina mimba, niache leo?

Jibu: Sigara, leo hii. Pombe pia, ila kama unakunywa kila siku na usipokunywa unatetemeka, acha ukiwa chini ya daktari. Unga usikate ghafla, uchungu unaweza kuanza kabla ya wakati, utapewa methadoni, dawa ya kushika nafasi ya unga, Muhimbili walianza kuitoa 2011. Mwambie nesi wa kliniki ukweli, na manesi nao wapunguze kufoka, mama akifokewa mara moja anaficha mpaka siku ya kujifungua.

Swali: Mtoto wa hivyo akikua atakuwa mkorofi?

Jibu: Marekani miaka ya 1980 walitangaza kwamba watoto wa mama wa kokeini wameshaharibika, walipowafuatilia madhara yakaonekana madogo kuliko walivyotisha na malezi ya nyumbani yana uzito mkubwa. Pombe ndo mbaya zaidi, madhara yake yanaweza kubaki maisha yote: hasira za haraka, kutotulia darasani. Mwalimu akilalamika, mwambieni daktari mama alikuwa anakunywa, maana bila hiyo taarifa mtoto ataishia kuchapwa tu.