Je, wajua? Kosa katika kijitabu cha serikali laweza kufuta kura ya maoni

Februari 28, 2016, Waswisi walipiga kura kuhusu pendekezo la kuzuia wanandoa kutozwa kodi kubwa kuliko watu wanaoishi pamoja bila ndoa. Kama ilivyo desturi yao, kila mpiga kura alikuwa ameshaletewa kijitabu rasmi cha maelezo. Humo serikali iliandika kwamba, kati ya wanandoa ambao mume na mke wote wana kipato, ndoa zinazoumizwa na kodi hiyo ni kama 80,000. Pendekezo likaanguka kwa tofauti ndogo: Hapana ilipata asilimia 50.8.

Mwaka 2018 serikali ikakiri kuwa ilikosea hesabu. Ndoa hizo zilikuwa kama 454,000. Aprili 2019 Mahakama ya Juu ya Shirikisho ikaifuta kura ile, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwa kura ya Uswisi nzima.

Kwa nini takwimu moja iwe na uzito kiasi hicho? Katika uchaguzi wa kawaida unamchagua mtu, na akikosea utamwondoa muhula ukiisha. Katika kura ya maoni wewe ndiye unayetunga sheria. Mbunge ana kamati, ana wanasheria na ana miezi ya mjadala, lakini mwananchi mara nyingi ana kile kijitabu tu, na kelele za kampeni. Mwandishi wa maelezo akipunguza idadi ya wanaoumia, tayari amekushika mkono unapoweka alama.

Basi kazi hiyo apewe nani? Uswisi imeiachia serikali, lakini sheria inaitaka iandike kwa ufupi na bila upendeleo, itoe na maoni ya walio wachache, na iwape waanzilishi wa pendekezo nafasi ya kujieleza ndani ya kijitabu hichohicho. Kinatakiwa kumfikia mpiga kura kati ya wiki 4 na 3 kabla ya siku yenyewe.

Australia imepita njia nyingine. Wabunge waliounga mkono mabadiliko ya katiba huandika hoja za Ndiyo na waliopinga huandika za Hapana, kila upande usizidi maneno 2,000. Tume ya uchaguzi huzichapisha kama zilivyo, bila kusahihisha hata madai yaliyomo. Usawa huo una tundu lake: mwaka 1967, katika swali lililohusu Waaborijini, yaani wenyeji asilia wa Australia, hakuna mbunge aliyepinga, kwa hiyo kijitabu kilitoka bila hoja za Hapana kwa swali hilo. Na pande zote mbili zikitia chumvi, msomaji anabaki na uongo wa aina mbili na hana mwamuzi.

Mimi naona Ireland ndiyo imelifikiria jambo hili kwa kina zaidi, ingawa ilibidi isukumwe na mahakama. Novemba 1995, wiki moja kabla ya kura kuhusu talaka, mwanasiasa Patricia McKenna alishinda kesi iliyopinga serikali kutumia fedha za umma kupigia debe Ndiyo. Mantiki yake ni ngumu kuipinga: kodi imelipwa na wa Ndiyo na wa Hapana, iweje igharamie upande mmoja? Sheria ya mwaka 1998 ikaleta tume huru ya kueleza kila pendekezo. Mwanzoni tume hiyo ilitakiwa pia kupanga hoja za kila upande, lakini mwaka 2001 ikaondolewa jukumu hilo, ikabaki na kueleza pendekezo linahusu nini na kuhimiza watu wapige kura. Tangu 2023 kazi hiyo inafanywa na tume ya uchaguzi.

Hata hivyo kishawishi hakikuisha. Mwaka 2012, siku 2 kabla ya kura kuhusu haki za watoto, Mahakama ya Juu ya huko ilisema kijitabu na tovuti ya serikali havikuwa vya haki kwa pande zote. Lakini vijitabu vilikuwa vimeshasomwa majumbani. Ndiyo maana muda ni muhimu sawa na maudhui: Tume ya Venice, chombo cha ushauri wa sheria cha Baraza la Ulaya, inataka maelezo rasmi na hoja za pande zote zimfikie mpiga kura angalau wiki 2 kabla, ili penye kosa pawe na nafasi ya kulipinga na kulisahihisha.