Tiba asili si tiba mbadala

Bango linasema "Kliniki ya Tiba Asili", pembeni pana picha ya jani la mwarobaini, lakini ukiingia ndani unachomwa sindano za Kichina. Redioni nako anakaribishwa "mtaalamu wa tiba mbadala", naye anatumia saa nzima kueleza mizizi aliyofundishwa na babu yake. Wote wawili wamebandika jina lisilo lao.

Tiba asili ni maarifa na ujuzi wa kutibu ambao jamii imerithishana kizazi hadi kizazi, kwa mdomo au kwa maandishi, na hufanywa na mtu ambaye jamii yenyewe inamtambua. Tiba mbadala ni mifumo iliyotoka nje ya mila za nchi husika na ambayo bado haijaingizwa katika huduma zake za kawaida za afya. Tanzania iliziweka pamoja katika Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002, na tangu hapo wengi hulisoma hilo kama jina moja refu. Ile "na" ya katikati haikuwekwa kama pambo.

Kwa hiyo kinachoamua ni mahali. Akupancha, yaani zile sindano za Kichina, ni tiba asili ikiwa Beijing. Ikifika Dar es Salaam ni tiba mbadala, hata kama sindano ni zilezile. Ayurveda, tiba ya jadi ya India, nayo ni hivyohivyo kwa India na kwetu, ingawa familia za Mombasa zenye asili ya Kihindi zilizoitumia kwa vizazi zikiiita tiba asili, si jambo la kubishania sana.

Tiba asili pia si mitishamba tu. Mwunga mifupa anaweza kumaliza kazi yake bila kugusa jani. Hatari yake iko kwenye kufunga: banzi likikazwa kupita kiasi damu haipiti, vidole vinapoa, vinapauka na kufa ganzi. Mgonjwa akiona hivyo afunguliwe saa ileile na apelekwe hospitali, asiambiwe kwamba ndiyo dawa inafanya kazi.

Mkanganyiko unaokera zaidi ni wa homiopathi, ambayo madukani huuzwa kama "mitishamba isiyo na madhara". Si mitishamba. Ni mfumo ulioasisiwa Ujerumani na daktari Samuel Hahnemann mwishoni mwa karne ya 18, na msingi wake ni kuzimua. Chupa iliyoandikwa 30C imetengenezwa hivi: tone moja la dawa kwa matone 99 ya maji au spiriti, tikisa, chukua tone moja la mchanganyiko huo, tia kwenye matone mengine 99, tikisa, endelea hadi mara 30. Ukishapita hatua ya 12, ni vigumu kukuta hata molekuli moja ya kitu ulichoanza nacho. Mwarobaini uliochemshwa, kinyume chake, umejaa kemikali, na mafuta yake yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wachanga walionyweshwa. Kwenye mitishamba la kuogopa ni kipimo. Kwenye homiopathi la kuogopa ni muda: mtoto mwenye malaria anapewa matone ya maji siku tatu huku vimelea vinaongezeka. Mtoa tiba asiyejua ameshika kipi kati ya hivyo viwili hawezi hata kumwonya mgonjwa ipasavyo.

Halafu neno "mbadala" lenyewe husikika kama ruhusa ya kuacha hospitali. Uganda, katika jina la sheria yake ya 2019, haikutumia neno hilo. Ilichagua kuiita tiba ya nyongeza, na kwa maoni yangu walifanya vizuri. Wagonjwa wengi hawabadilishi, wanaongeza, na wakishaongeza hawasemi.

Chukua uwatu. Mtu mwenye kisukari anameza glibenklamidi, kidonge kinachoisukuma kongosho itoe insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, awe amekula au hajala. Juu yake anakunywa uwatu uliolowekwa usiku kucha, ambao ute wake hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu. Akichelewa chakula cha mchana, sukari inaweza kushuka chini ya 4 (kwa kipimo cha mmol/L): jasho jembamba, mikono kutetemeka, njaa kali, maneno kuchanganyika. Akiwa bado anaweza kumeza, apewe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, apimwe tena baada ya dakika 15. Akiwa amezimia asitiwe chochote mdomoni, akimbizwe hospitali. Ute huohuo unaweza kuchelewesha vidonge vingine tumboni, ndiyo maana huachwa nafasi ya saa mbili hivi kati yake na dawa.

Wanaosema tiba asili "humtazama mgonjwa kwa ujumla wake" wako sahihi pale tu mganga anapouliza pia vidonge vilivyo kwenye mkoba wa mgonjwa. Daktari naye aulize kuhusu chupa iliyoko jikoni, bila kukunja uso, maana uso ukikunjwa mgonjwa atajibu "situmii kitu".

Basi mwenye kliniki ya sindano aandike "Tiba Mbadala" kwenye bango lake. Na mwenye kisukari, kwenye kadi pale penye "dawa unazotumia", chini ya glibenklamidi aandike: uwatu, kijiko kimoja, kila asubuhi.