Mifumo changamani na siasa: yanayosemwa na yalivyo

Dhana: "Uchangamani" ni jina la kisomi la mambo magumu.
Injini ya ndege ni ngumu, lakini fundi huifungua na kuirudisha, na kila kipande kikafanya kazi ileile. Mfumo changamani wa kisiasa una watu, na watu hutazamana, hukisia, kisha hubadili mwenendo. Mwaka 1989 Mexico City ilikataza karibu kila gari kutembea siku moja ya kazi kwa wiki, kufuatana na tarakimu ya mwisho ya namba yake, ili kupunguza moshi. Kwenye karatasi hesabu ilikubali: siku tano, toa moja, basi moja ya tano ya magari haipo barabarani. Waliojiweza wakanunua gari la pili lenye namba tofauti, mara nyingi kuukuu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 haukupata ushahidi kwamba hewa iliboreka. Na hao wenye magari mawili hawakuvunja sheria yoyote. Waliisoma vizuri kuliko walioitunga.

Dhana: Nadharia ya mifumo changamani hutabiri mapinduzi.
Haitabiri. Machi 2010 mchuuzi mmoja alijichoma moto Monastir, Tunisia, na utawala haukutikisika. Desemba 17 mwaka huohuo mchuuzi mwingine, Mohamed Bouazizi, akajichoma katika mji wa Sidi Bouzid, na maandamano yakaenea. Januari 14, 2011 Rais Ben Ali akaikimbia nchi. Wapenzi wa ile hadithi ya kipepeo anayepiga mbawa na kuleta kimbunga huisahau Monastir. Tukio dogo huwa kubwa pale tu hali inapokuwa imeiva, kwa hiyo kinachochunguzika ni hali: ukosefu wa kazi, hasira, na njia ambazo habari hupita.

Dhana: Ni nadharia moja yenye kanuni zake.
Ni mkoba wa zana zilizotoka fizikia, biolojia na uchumi. Taasisi ya utafiti ya Santa Fe nchini Marekani imekuwa ikizikutanisha tangu 1984.

Dhana: Kama hakuna anayeushika mfumo mzima, hakuna wa kulaumiwa.
Hapa ndipo nadharia hii inapopotoshwa zaidi, na sishangai viongozi wakiipenda kwa sababu hiyo. Asiyeweza kujua matokeo yote ana wajibu mkubwa zaidi wa kuanza padogo, kupima na kurekebisha. Waziri akisema "suala hili ni changamani", aulizwe: ni dalili gani ingewafanya mbadili sera, na nani alipewa kazi ya kuiangalia?