Fidla ya Gibson: nani hasa aliimiliki?

Fidla hii iliundwa na Antonio Stradivari mjini Cremona, Italia, mwaka 1713. Imeibwa mara mbili na kupakwa dawa ya viatu, na tangu 2001 iko mikononi mwa Joshua Bell, mpigaji fidla wa Marekani. Mengi yanayosemwa juu ya wamiliki wake hayako sawa.

"Inaitwa Gibson, basi Gibson ndiye fundi."
Sivyo. Fidla za kale hupewa lakabu ya mtu aliyewahi kuzimiliki. George Alfred Gibson alikuwa mpigaji fidla wa Uingereza. Jina la pili la fidla hii, "ex Huberman", linamkumbuka mpigaji fidla Bronisław Huberman wa Poland, na "ex" humaanisha tu kwamba ilipitia kwake.

"Imeandikwa Stradivarius ndani, kwa hiyo ni halisi."
Chungulia kwenye tundu la umbo la f na huenda ukasoma "Antonius Stradivarius Cremonensis", yaani jina la Stradivari wa Cremona kwa Kilatini. Lebo kama hizo zilibandikwa kwa maelfu kwenye fidla za viwandani za Ujerumani, Bohemia na Mirecourt, Ufaransa. Nyingine zina maneno "Made in Germany" chini yake, kwa sababu sheria ya forodha ya Marekani ya 1890 ilidai nchi ya asili itajwe. Fundi aliyekufa 1737 hakuwa na haja nayo.

"Julian Altman alikaa nayo karibu miaka 50, ikawa yake."
Hapa ndipo wengi hukwama. Februari 28, 1936 Huberman alikuwa jukwaani Carnegie Hall, New York, akipiga fidla yake nyingine, iliyoundwa na fundi Guarneri. Ile ya Stradivari ilichukuliwa kwenye chumba cha wasanii. (Wizi wa kwanza ulikuwa Vienna, 1919, na fidla ilipatikana baada ya siku chache.) Lloyd's ya London, soko la bima, ilimlipa Huberman dola 30,000, na malipo hayo ndiyo yaliyobadilisha umiliki: bima ikilipa thamani yote ya kitu kilichopotea, kwa kawaida haki juu ya kitu hicho humhamia aliyelipa. Tangu hapo anayeweza kuidai si Huberman wala warithi wake.

Altman, mpigaji wa mikahawani, aliificha chini ya dawa ya viatu, akaipigia hadi kwenye okestra ya taifa mjini Washington. Simulizi ni mbili: kwamba aliiiba mwenyewe, au aliinunua kwa dola 100 kwa aliyeiiba. Kisheria tofauti ni ndogo, kwani nchini Marekani mwizi hana haki ya kumuuzia mtu, hata mnunuzi awe na nia njema. Italia, kinyume chake, sheria yaweza kumlinda mnunuzi wa nia njema, ndiyo maana anayechunguza historia ya fidla huuliza pia kila mauzo yalifanyika nchi gani.

"Mjane wake aliiuza."
Altman alikiri kabla ya kufa mwaka 1985. Mjane alikuta vipande vya magazeti ya 1936 kwenye kasha, akairudisha kwa Lloyd's, akapewa zawadi ya dola 263,000. Hiyo haikuwa bei. Na hata zawadi hiyo haikubaki yake: mwaka 1996 Mahakama ya Juu ya jimbo la Connecticut ilikubali kwamba ni mali ya mirathi ya Altman. Lloyd's ndiyo iliyoiuza, 1988, kwa Norbert Brainin, mpigaji fidla wa kundi la Amadeus Quartet, kwa dola milioni 1.2. Bell alilipa karibu dola milioni 4.

"Cheti cha mtaalamu ni hati ya umiliki."
Cheti husema nani aliiunda na vipimo vyake, basi. Umiliki huthibitishwa kwa hati za mauzo, za bima na za mirathi, zikifuatana bila pengo. Pengo la miaka 20 si ushahidi wa wizi, lakini lazima lielezwe. Cheti kisicho na picha za mbele, nyuma na kichwa hakina uzito mkubwa, maana mistari ya mbao haijirudii na ndiyo hutambulisha fidla iliyopotea.

"Kupima pete za mti humtaja fundi."
Mti huongeza pete moja kila mwaka, na kipimo hicho hutoa mwaka wa pete changa zaidi iliyobaki kwenye ubao wa mbele. Kwa Messiah, fidla nyingine ya Stradivari iliyoko Oxford, yenye lebo ya 1716, pete hiyo ni ya 1687. Inaonyesha tu kwamba haikuundwa kabla ya hapo.