Je, wajua? Kilele cha hadithi fupi huanza kujengwa ukiwa bado umetulia

Ni asubuhi ya tarehe 27 Juni. Jua linawaka, maua yamechanua, nyasi ni kijani kibichi. Shule zimefungwa, na watoto ndio wa kwanza kufika uwanjani. Mvulana mmoja amekwisha kujaza mifuko yake mawe. Wenzake wanamwiga, wakichagua yale laini ya mviringo. Pembeni mwa uwanja wanafanya lundo kubwa na kulilinda lisiporwe na wavulana wengine. Msomaji anapita tu hapo. Watoto na michezo yao.

Ndivyo inavyoanza The Lottery, yaani bahati nasibu, hadithi fupi ya Mmarekani Shirley Jackson iliyotoka katika jarida la The New Yorker tarehe 26 Juni 1948. Wanakijiji wapatao 300 wanakusanyika, wakuu wa familia wanachota vikaratasi kutoka kwenye sanduku jeusi, na mwishowe mwanamke aitwaye Tessie Hutchinson anashambuliwa kwa mawe na majirani zake, kwa kuwa kikaratasi chake ndicho chenye alama nyeusi. Lundo la mawe ni lile lile la watoto. Kiangazi kile Jackson alipokea barua zaidi ya 300 za wasomaji, nyingine za watu waliochanganyikiwa, nyingine za matusi matupu.

Sasa swali: iweje msomaji ashtuke kiasi hicho, wakati silaha aliwekewa mbele ya macho tangu aya ya pili?

Kilele ni pale mgogoro unapofika mahali ambapo hakuna tena kurudi nyuma. Katika hadithi fupi iliyoandikwa vizuri, kilele hicho huwa kimekwisha kujengwa muda mrefu kabla ya ukurasa kinapotokea, tena kwa vitu ambavyo msomaji aliviona akaviacha. Mwandishi wa riwaya ana nafasi ya kutangatanga. Wa hadithi fupi hana. Mwaka 1842 Edgar Allan Poe, mwandishi Mmarekani wa hadithi fupi, aliandika kwamba hadithi ya namna hii inafaa kusomwa kwa kikao kimoja, na kila neno lielekee kwenye athari moja aliyoikusudia mwandishi tangu mwanzo. Kwa hiyo jiwe likiokotwa mwanzoni, lazima litue mahali.

Hapa ndipo ninapotofautiana na namna wengi wetu tulivyofundishwa fasihi. Tulizoea kuorodhesha: mwandishi ametumia taharuki (hamu ya kujua kitakachofuata), ametumia takriri (kurudiarudia), ametumia kinaya (mambo kuwa kinyume cha yanayotarajiwa), tukapata alama moja moja, tukahamia swali linalofuata. Swali lenye uzito halikuulizwa: mbinu hiyo inabeba nini, na inakipeleka wapi?

Chukua kidokezo. Kidokezo kibaya hujitangaza: mbwa anabweka usiku, bundi analia juu ya paa, na msomaji anajua kuna msiba. Kidokezo kizuri huvaa nguo za kila siku. Mawe ya Jackson yamevaa nguo za mchezo wa watoto. Baadaye kidogo anatuambia wanaume wamesimama mbali na lile lundo, wakizungumzia mvua, matrekta na kodi, na kwamba utani wao ni wa sauti ya chini, wanatabasamu badala ya kucheka. Haelezi kwa nini. Msimulizi wake hatuingizi moyoni mwa mtu yeyote. Anatazama kutoka nje, anaripoti. Laiti angetuingiza ndani ya kichwa cha mzee mmoja tu wa kijiji, siri ingefichuka papo hapo, maana wote wanajua kinachokuja. Uamuzi wa nani asimulie, na asimamie wapi, ndio unaoshikilia hadithi nzima.

Kinaya nacho kinafanya kazi yake kimyakimya. Jina lenyewe, bahati nasibu, linatufanya tusubiri zawadi. Tessie anafika akiwa amechelewa, anajifuta mikono kwenye aproni, anasema alisahau kabisa leo ni siku gani, kisha anatania kwamba hawangetaka aache vyombo vichafu jikoni. Watu wanacheka. Mume wake anapoitwa, ni yeye anayemhimiza aende akachote. Analalamika kwamba si haki pale tu kikaratasi kinapoangukia familia yake. Rafiki yake Bi. Delacroix, aliyekuwa akicheka naye alipofika, ndiye atakayeokota jiwe kubwa hata lazima alibebe kwa mikono miwili. Kicheko cha mwanzo kisingekuwepo, jiwe lile lisingekuwa zito hivyo.

Lakini mbinu ninayoiona kuwa ngumu kuliko zote ni kuchelewesha, na anayetaka kuielewa asianzie vitabuni. Aanzie kwa bibi.

Ngano ya msichana ndani ya ngoma husimuliwa kwa sura nyingi. Niliyoisikia mimi ilikuwa hivi: wasichana wanakwenda pwani kuokota makombe, mmoja anasahau kombe lake juu ya jabali, wenzake wanakataa kurudi naye. Anarudi peke yake huku akiimba ili asiogope. Zimwi linamsikia, linamkamata, linamtia ndani ya ngoma. Kisha linazunguka vijijini. Likipiga ngoma, sauti tamu inaimba kutoka ndani, na watu wanalipa zimwi chakula. Kijiji cha kwanza, wimbo. Sisi watoto tunaitikia kwa nguvu. Kijiji cha pili, wimbo uleule, tunaitikia. Kijiji cha tatu, na hapo bibi alikuwa akishusha sauti, maana kijiji cha tatu ni kwao msichana, na mama yake amekaa kizingitini akichambua mchele.

Wimbo haukubadilika hata neno moja. Kilichobadilika ni nani anausikiliza. Sisi tulijua aliyemo ndani ya ngoma, mama hajui bado, na kati ya kujua kwetu na kutojua kwake ndipo taharuki yote ilipokaa. Takriri ya ngano hufanya kazi hii: mara ya kwanza inakufundisha, mara ya pili inakutuliza, mara ya tatu inakukamata kwa sababu umekwisha kuizoea.

Jackson anafanya jambo la jamaa hiyo kwa vikaratasi vitano. Wakuu wa familia wamekwisha kuchota, na familia ya Hutchinson ndiyo iliyoangukiwa. Sasa kila mmoja anachota chake: baba Bill, Tessie, Bill mdogo, Nancy, na mtoto mdogo Dave. Angeweza kuandika kwa sentensi moja kwamba alama nyeusi ilimwangukia mama. Badala yake kinafunguliwa cha Dave kwanza. Kitupu, umati unashusha pumzi. Kisha Nancy na Bill mdogo wanafungua kwa pamoja. Vitupu, wanacheka kwa furaha, wakiinua vikaratasi juu ya vichwa vyao. Kaa hapo kidogo. Watoto wanashangilia kupona kwao, na kila kicheko chao kinapunguza hesabu ya waliobaki. Wamebaki wawili, baba na mama. Bill anafungua chake, kitupu. Hadi jina la Tessie linatajwa, msomaji amekwisha kupiga hesabu mwenyewe, na hukumu unayoifikia kwa hesabu yako mwenyewe inauma kuliko unayosomewa.

Kadiri kilele kinavyokaribia, sentensi nazo hubadilika. Katika The Tell-Tale Heart ya mwaka 1843, Poe anamweka muuaji kwenye kiti juu ya mbao zilizofunika maiti, polisi wakiongea naye kwa utulivu. Anaanza kusikia moyo wa marehemu ukidunda. Vishazi vinakatikakatika, maneno yaleyale yanarudi, sauti inazidi na kuzidi, hadi mtu anapayuka na kukiri bila kuulizwa. Pumzi ya sentensi imekuwa pumzi ya mtu anayezama.

Kiswahili kimejaliwa zana za kazi hii ambazo naona tunazitumia kwa ubahili. Linganisha. "Alipofika mlangoni alisimama kwa sababu aliona kwamba kufuli ilikuwa imevunjwa." Sarufi safi, na moyo haudundi. Sasa: "Akafika mlangoni. Akasimama. Kufuli imevunjwa." Ile -ka- inasukuma tendo moja hadi jingine bila kiunganishi, na hapo mwisho wakati uliopita umeachwa, kufuli imevunjwa sasa, mbele yako. Lakini zana hii inataka subira. Hadithi iliyoandikwa yote kwa sentensi za maneno mawili haina kilele, kwa kuwa haikuwahi kutembea polepole ili ionekane imeanza kukimbia.

Kuna njia ya mkato ambayo huua vilele vingi, nayo ni sadfa, yaani tukio linalozuka kwa bahati tu. Hadithi nyingi ninazosoma mitandaoni humaliza mgogoro kwa ajali ya gari inayomuua mume katili, au mjomba tajiri anayeibuka kutoka Ulaya siku ya mnada. Sadfa inayoanzisha matatizo msomaji huikubali, kwa kuwa maisha ndivyo yalivyo. Sadfa inayoyatatua humnyang'anya kila alichokuwa akikibeba. Kama ajali lazima itokee, basi breki zile zilie ukurasa wa kwanza, mke akimkumbusha mumewe azipeleke gereji na yeye akimjibu kwa dharau. Hapo ajali itakuwa imetoka ndani ya tabia yake mwenyewe.

Jambo la mwisho ni kujua wapi pa kukata. Jackson hatuonyeshi damu, haelezi mazishi, wala haleti mzee wa kutoa hotuba. Tessie anapiga kelele kwamba si haki, umati unamwangukia, na hadithi inaishia kwenye nukta hiyo. Lakini sentensi chache kabla ya hapo ameingiza kitendo kimoja kidogo ambacho ni rahisi kukipita, kama tulivyoyapita mawe ya aya ya pili. Watu wanapokimbilia lundo, kuna mtu asiyetajwa jina anayemkumbuka Dave, yule mtoto mdogo wa Tessie, na kumpa vijiwe vichache mkononi.